Wazazi wanataka wasichana watolewe katika kundi letu la skauti: naomba tulijadili kwa kina

Mlezi wa Kundi (Mtwara)

Salamu kwenu nyote. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika Manispaa ya Mtwara na huu ni mwaka wangu wa nane nikiwa mlezi wa skauti. Kundi letu lina wavulana 23 na wasichana 18, wote wanavaa skafu moja na wamekula ahadi moja. Wiki iliyopita, katika kikao cha wazazi, mzazi mmoja alitoa hoja kwamba kuanzia muhula ujao wasichana watolewe kundini, ama waundiwe kundi lao peke yao ama wahamishiwe Girl Guides, chama cha wasichana watupu. Hoja ilichochewa na taarifa yangu kwamba likizo ya Juni tunakusudia kuwapeleka watoto kambini Msimbati kwa siku tatu. Wengi waliiunga mkono kwa sauti, lakini haikuamuliwa, na mwenyekiti aliahirisha kikao kwa wiki mbili ili nije na majibu. Ninaandika hapa kabla ya kwenda kujibu, kwa sababu najua humu wamo waliopitia skauti, waliopitia Girl Guides, na wazazi ambao wangesema yale yale yaliyosemwa kikaoni.

Naomba nianze na historia, kwa kuwa mzee mmoja alisema skauti iliumbwa kwa ajili ya wavulana na sisi ndio tulioiharibu. Sehemu ya kwanza ya kauli yake ni kweli. Robert Baden-Powell alipofanya kambi yake ya majaribio katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, Agosti 1907, aliwachukua wavulana wapatao 20 na hakuwamo msichana hata mmoja. Lakini wasichana hawakusubiri kuitwa. Katika mkutano mkubwa wa skauti uliofanyika Crystal Palace, London, Septemba 1909, walijitokeza wasichana waliovaa kiskauti, wakasema na wao ni skauti na wanataka kutambuliwa. Baden-Powell hakuwafukuza, wala hakuwachanganya na wavulana. Mwaka 1910 kikaanzishwa chama chao, Girl Guides, na dada yake Agnes akawa kiongozi wake. Kwa hiyo mgawanyo huu tunaoujadili leo una zaidi ya miaka 100, na chimbuko lake ni wasichana waliotaka kuingia, wala si wazazi waliotaka kuwatoa.

Uingereza yenyewe iliuacha mgawanyo huo polepole sana. Mwaka 1976 wasichana walikubaliwa katika ngazi ya vijana wakubwa peke yake. Mwaka 1991 kila kundi likaruhusiwa kuchagua lenyewe kama litapokea wasichana wa umri wote. Na mwaka 2007 ndipo makundi yote yalipotakiwa kuwapokea. Ni safari ya miaka 31 kutoka mlango ulioachwa wazi kidogo hadi mlango uliofunguliwa wote, na muda wote huo Girl Guides wa nchi ile wamebaki kuwa chama cha wasichana. Kwetu Tanzania vyama vyote viwili vipo. Chama cha Skauti kinapokea watoto wa kike na wa kiume, na kila Mwenge wa Uhuru unapopokewa mkoani mnawaona wote wawili wakiwavisha skafu wakimbiza Mwenge. Girl Guides ni cha wasichana na wanawake. Hakuna sheria ya skauti inayonilazimisha kuwatoa wasichana wangu, na hakuna inayonizuia kuwapanga katika vikosi vyao ndani ya kundi moja.

Sasa niseme jambo ambalo sikulisema kikaoni, na ambalo limenikosesha usingizi tangu siku ile. Miaka mitatu iliyopita tulitembea kwa miguu kutoka mjini hadi Mikindani, mwendo wa kilometa kama 10. Tulikuwa watu wazima wawili, mimi na mwalimu mwenzangu, na sote ni wanaume. Tulipokuwa tumebakiza mwendo mfupi tuione ghuba, binti mmoja wa miaka 13, aliyekuwa hodari kuliko wote kundini, aliketi chini ya mwembe kando ya barabara na kukataa kusimama. Nilipiga filimbi mara tatu. Nikamwambia skauti hachoki. Akaivua skafu yake shingoni na kuifunga kiunoni, nami nikamkaripia mbele ya wenzake kwamba skafu haishushwi kiunoni. Mama mmoja aliyekuwa akiuza mihogo ya kuchemsha hapo jirani alitua beseni lake, akaja akifungua kanga yake ya juu, akamzungushia mtoto, kisha akaniambia kwa upole kabisa: «Mwalimu, geuka utazame baharini.» Ndipo nilipoelewa. Yule mama alimpeleka nyumbani kwake, akampa maji na alichohitaji, na akamrudisha kwetu akiwa amevaa kanga ile. Binti yule hakurudi tena katika skauti, nami nilinyamaza kwa sababu sikujua niseme nini na kwa nani.

Ndiyo maana msimamo wangu hauko upande wowote kati ya pande mbili zilizosikika kikaoni. Sioni kwamba wavulana ndio waliomdhuru binti yule. Hakuna mvulana aliyecheka, na wawili walikuwa tayari kumbebea begi. Kilichomdhuru ni kwamba katika watu wazima waliokuwapo hakukuwa na mwanamke hata mmoja, na mimi niliyekuwapo sikujua kuona. Kabla hatujauliza kama wasichana wakae na wavulana, nadhani tuulize ni mwanamke gani mtu mzima atakayetembea nao na kulala kambini pamoja nao. Pendekezo langu ni kundi moja, vikosi vya wasichana na vya wavulana mbalimbali, na kusiwe na safari yoyote bila mwanamke mtu mzima aliyefunzwa. Naomba mawazo yenu, hasa ya wanaopinga.


Mama wa Newala

Mwalimu, nakushukuru kwa ukweli wako, na yule mama wa mihogo Mungu amlipe. Lakini naomba nikwambie kwa nini mimi ningeunga mkono hoja ya wazazi hata kama ungekuja na wanawake kumi.

Sisi watu wa huku hatukuanza leo kumchukua mtoto, kumtoa nyumbani na kumfunza porini. Kabla ya kusikia neno skauti tulikuwa na jando na unyago, na tunavyo mpaka leo. Mtoto wa kiume anaingia kumbi, yaani kambi ya jando, na wenzake wa kiume, anafundishwa kuvumilia, kuheshimu wakubwa, kufahamu miti na mitego. Mtoto wa kike anachezwa unyago na wanawake wenzake, chini ya makungwi. Hakuna mjomba anayesogea pale, hata kama ni yeye mwenye neno la mwisho kuhusu watoto wa dada yake. Kwa nini? Kwa sababu yapo mambo ambayo mtoto hawezi kuyauliza ikiwa mtu wa jinsia nyingine anamsikia. Wewe mwenyewe umetoa mfano. Binti yako yule alikaa chini ya mwembe akavumilia karipio kuliko kufungua mdomo mbele ya wavulana 20 na walimu wawili wa kiume. Angekuwa na wasichana watupu angesema kabla hajafika kwenye mwembe.

Wamisionari wenyewe waliliona hilo. Masasi alikuwapo askofu, Vincent Lucas, aliyeongoza dayosisi ile kuanzia 1926 hadi 1944, ambaye anajulikana kwa kulichukua jando na kulifanyia taratibu za Kikristo badala ya kulipiga marufuku. Alibadili mengi, lakini hakuchanganya wavulana na wasichana. Mtu aliyetoka Ulaya aliona kwamba mpango ule una maana yake, na sisi wenye nao leo tunaambiwa tuone haya.

Jambo la pili ni dogo lakini naomba ulizingatie. Umepanga kambi likizo ya Juni. Juni ndiyo miezi ya unyago huku, na ndiyo tunaanza kupuliza salfa kwenye mikorosho. Wasichana wako nusu watakuwa wali wa unyago, wamewekwa ndani, na mama zao hata kama wangependa kuja kulala kambini watakuwa shambani na mashine mgongoni. Usije ukasema wanawake hawakujitokeza.


Niliyekuwa Girl Guide (Lindi)

Nimesoma maoni yote mawili kwa makini. Mimi nilikula ahadi ya Girl Guides nikiwa na miaka 11, na baadaye niliongoza wasichana kwa miaka kadhaa katika mkoa huu wa Lindi. Ninataka makundi ya wasichana peke yao, lakini sababu zangu si zile za dada yangu wa Newala, na ninaomba radhi kutofautiana naye.

Unyago una heshima yake na mimi mwenyewe nimechezwa. Lakini tukubaliane kwamba mafunzo yake mengi yanamtazama msichana kama mke na mama atakayekuja kuwa. Girl Guides ilinitazama nilivyokuwa siku ile, mtoto wa miaka 11, ikanipa kamba, panga na ramani. Hayo hayafanani, na anayetaka kuwatenga wasichana ili skauti yao iwe unyago wa pili basi mimi simo.

Sababu yangu ni hii. Mwaka mmoja tulialikwa kambi ya pamoja na skauti, huko Nachingwea. Watu walikuwa wema, hakuna aliyetudhalilisha. Siku ya kwanza asubuhi nilisimama nikatazama uwanja: wasichana wanane wamezunguka sufuria mbili za ugali na maharage, wengine wanne wametoka kwenda kisimani, na wavulana wote wako kwenye mlingoti wa bendera na mahema. Hakuna kiongozi aliyetoa amri kwamba iwe hivyo. Wasichana walikwenda jikoni wenyewe kwa sababu tangu walipojifunza kutembea jikoni ndiko walikoelekezwa, na wavulana wakashika kamba kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia waziache.

Katika kambi zetu za wasichana watupu mlingoti haukuwa na mwenyewe mwingine. Nakumbuka kambi ya Mchinga: mti mrefu wa mvinje, kamba ya katani ngumu inayochubua viganja, na upepo wa bahari. Ulianguka mara mbili. Mara ya tatu binti mmoja aliyezoea kusuka ukili na bibi yake alituambia tunafunga vibaya, kwamba kamba lazima ibanwe ikiwa mbichi na ipishanishwe kama miyaa, naye akaifunga, na mlingoti ukasimama mpaka tulipovunja kambi. Kama pangekuwa na wavulana pale, yule binti angekuwa anapepeta mchele, na si kwa sababu ya uonevu wa mtu yeyote.

Ndiyo maana duniani vyama vya wasichana vimekataa kumezwa. Shirikisho lao la kimataifa lilianzishwa 1928 na bado ni lao. Marekani, Juliette Gordon Low alianzisha chama cha wasichana Savannah mwaka 1912. Chama cha wavulana cha nchi ile kilipoanza kupokea wasichana katika ngazi ya watoto wadogo mwaka 2018, wale wa Girl Scouts, chama hicho cha Low, hawakushangilia. Walifungua kesi mwaka huo huo wakilalamikia matumizi ya jina, na ingawa mahakama iliitupa mwaka 2022, wamebaki kuwa chama cha wasichana peke yao. Wanajua kwamba kundi linaloitwa la mchanganyiko mara nyingi ni kundi la wavulana lililokaribisha wasichana. Mwalimu, naomba nikuulize swali moja tu: katika vikosi vyako vya sasa, viongozi ni akina nani?


Mlezi wa Kundi (Mtwara)

Dada wa Lindi, nimefungua daftari la kundi nikajibu swali lako kwanza kwa nafsi yangu. Tuna vikosi vinne, kila kimoja kina wavulana na wasichana. Viongozi watatu ni wavulana na mmoja ni msichana. Makatibu wa vikosi wote wanne ni wasichana, na ninakumbuka nilivyowachagua: kwa kuwa wana mwandiko mzuri. Niliona ninawapa heshima. Mlingoti ulioueleza nimeuona katika kundi langu kila wiki kwa miaka minane bila kuutazama.

Kwa hiyo katika jambo la vikosi nimebadilika. Nilipoandika mwanzo kwamba vikosi viwe mbalimbali nilikuwa nafikiria mahema na vyoo. Sasa naona kwamba kikosi cha wasichana kinamaanisha pia kiongozi wa kike, mlingoti wao na kamba yao, na kwamba kikosi cha wavulana kitalazimika kusonga ugali wake.

Lakini hapo ndipo ninaposimama, na sitakwenda mbali zaidi. Wanaosema «wahamishiwe Girl Guides» wanasema kana kwamba upande wa pili yupo mtu anayewangojea. Katika shule yangu hayupo. Nimeuliza katika shule tatu za jirani na sikupata mlezi wa Girl Guides aliye hai kikazi. Yupo mwalimu mmoja aliyewahi kufunzwa, amehamishwa. Nikiwatoa wasichana 18 leo, wasichana 18 watakwenda nyumbani, na alasiri ya Jumatano watakuwa wakichota maji huku kaka zao wakijifunza huduma ya kwanza. Mama wa Newala, wewe unajua vizuri kuliko mimi jinsi kuchota maji huko juu Newala kunavyowala wasichana muda. Jando na unyago vina jamii nzima nyuma yake, kila kijiji kina makungwi wake; kundi la wasichana la skauti lisilo na mwanamke wa kuliongoza ni jina kwenye karatasi.

Kuhusu Juni umenifungua macho, na ninaona haya kwamba nimeishi hapa miaka yote hii nikapanga tarehe kwa kutazama kalenda ya shule peke yake. Nitalirekebisha.


Baba wa Kilwa Kivinje

Assalamu alaykum. Sitasema mengi. Nina mabinti wawili. Mchana wacheze gwaride na wavulana, wapande miti, wavuke mito, sina neno. Usiku ni jambo jingine. Dini yangu haikubali, na hata aliye na dini nyingine akiwa mzazi ataelewa. Tumesikia mengi kuhusu watoto kuharibiwa katika safari za shule. Mwalimu anasema wavulana hawakumdhuru yule binti, lakini hilo ni la siku moja. Kama ni kutenga, watoto wangu wako salama zaidi wakitengwa.


Mlezi wa Kundi (Mtwara)

Wa alaykum salaam, mzee wangu. Hofu yako ni halali, na kwa usiku nakubaliana nawe moja kwa moja: mahema ya wasichana yawe mbali na ya wavulana, na mwanamke alale upande wao. Hilo si la kujadili.

Ila naomba tusidhani kwamba kutenga peke yake kunamlinda mtoto. Chama cha skauti cha Marekani kilikuwa cha wavulana watupu kwa sehemu kubwa ya historia yake, na ni chama hicho hicho kilichoomba kinga ya mufilisi Februari 2020 kwa sababu ya madai ya watu waliodhulumiwa kijinsia walipokuwa watoto. Waliojitokeza kudai walizidi 82,000, na makubaliano ya fidia yalifikia dola bilioni 2.46. Watoto hao hawakudhuriwa na wasichana wala na kuchanganywa na mtu. Walidhuriwa na watu wazima waliopata nafasi ya kubaki nao faragha. Ninalisema hili kwa uzito wote, kwa sababu mzazi anayemtoa binti yake kwangu akidhani sasa familia yake iko salama anaweza kuwa amemwacha mwanawe wa kiume kundini bila kuuliza swali hata moja kuhusu mimi.

Kilichobadilika kwao ni taratibu za watu wazima. Kiongozi haruhusiwi kukaa peke yake na mtoto. Lazima wawepo watu wazima wawili. Na tangu walipofungulia wasichana, shughuli yoyote yenye msichana lazima iwe na kiongozi mwanamke aliyesajiliwa, mwenye umri wa kuanzia miaka 21. Tena walipowapokea wasichana wa umri wa watoto wetu, Februari 2019, waliwaundia vikundi vyao, si kuwatia ndani ya vikundi vya wavulana. Sijasema tuige kila kitu. Lakini hizo kanuni za watu wazima hazihitaji fedha ya mfadhili, zinahitaji mwanamke aliye tayari na kiongozi asiyeona aibu kuangaliwa. Mzee wangu, hata mimi niangalieni.


Rova wa Masasi

Shikamooni wakubwa. Mimi ni rova, yaani skauti wa rika la vijana wakubwa, nina miaka 22 na nimekulia katika kundi la mchanganyiko tangu darasa la nne. Naomba na sisi tulioishi ndani yake tusikilizwe.

Kiongozi wangu wa kikosi kwa miaka miwili alikuwa msichana. Mwanzoni nilikuwa sitaki kumtii, nikawa nachelewa makusudi kwenye paredi. Siku moja mwenzetu alikatwa na panga mguuni tulipokuwa tukikata fito, damu nyingi, sisi wavulana tukabaki kupiga kelele. Yeye alichana skafu yake, akafunga, akamlaza mgonjwa na kuuinua mguu, na kunituma mimi kwa jina langu nikakimbilie zahanati. Tangu siku hiyo alipoita paredi nilikuwa wa kwanza kufika. Leo nafanya kazi ya ujenzi na msimamizi wetu ni mwanamke, na wapo vijana wenzangu wameacha kazi kwa sababu hiyo tu.

Kwa hiyo naogopa kidogo nikisikia vikosi vitenganishwe kabisa. Mwalimu, naomba basi ziwepo shughuli ambazo kikosi cha wasichana kinawaongoza wavulana, na zisiwe za jikoni.


Niliyekuwa Girl Guide (Lindi)

Kijana wa Masasi, umenigusa, na nakubali kwamba jambo hilo sisi hatukuwapa kaka zetu. Bado nasema msichana yule alihitaji mahali pa kujifunzia kuamrisha kabla ya kuamrisha wewe, na si wote wenye roho ngumu kama yake. Lakini ombi lako ni la haki.

Mwalimu, kuhusu mwanamke wa kufunza: mimi nipo. Ni mwendo wa saa mbili na kitu kutoka Lindi. Sihitaji posho, nauli tu.


Mama wa Newala

Mimi sijabadilika kuhusu jambo lenyewe, nitapenda siku moja wasichana wawe na kundi lao kamili na makungwi wao wa skauti, niruhusuni niwaite hivyo. Ila Mwalimu amesema kweli kwamba leo hayupo wa kuwapokea, na mimi sitamtoa mtoto mahali penye kitu nimpeleke mahali pasipo na kitu. Hoja ya wazazi ingekuwa hoja yangu kama ingekuja na jina la mwanamke.


Mlezi wa Kundi (Mtwara)

Kikao kimefanyika jana na nimeahidi kuwapa mrejesho.

Lipo jambo ambalo sikuliandika tangu mwanzo kwa sababu na mimi sikuwa nalijua. Mzazi aliyetoa hoja ya kuwatoa wasichana ni mama wa binti yule wa mwembeni. Hivi sasa mdogo wake binti huyo yumo katika kundi langu, na mimi sikuwahi kuunganisha majina. Nilipomaliza kueleza pendekezo alisimama, akasema: «Mwanangu alirudi nyumbani amevaa kanga ya mtu nisiyemjua, na hakuna mwalimu aliyekuja kuniambia kwa nini.» Akaketi. Nilimwomba radhi hapo hapo mbele ya wazazi wote, na sikutaja sababu yoyote ya kujitetea kwa kuwa sina.

Baada ya hapo mazungumzo yalikuwa marefu na mengine yalikuwa makali. Yaliyokubaliwa ni kwamba kundi linabaki moja. Vikosi viwe viwili vya wasichana na viwili vya wavulana, kila kimoja na kiongozi na katibu wake. Zamu za jiko na za mlingoti zizunguke kwa vikosi vyote. Kila mwezi kikosi kimoja kiongoze shughuli ya kundi zima, kama alivyoomba kijana wa Masasi. Na kusiwe na safari bila watu wazima wawili, mmoja wao mwanamke. Kambi imesogezwa hadi likizo fupi ya Septemba. Matroni wetu na mama mmoja fundi cherehani wamekubali kufunzwa. Wazazi watatu wamewatoa mabinti zao, nami nimewaandikia kwamba nafasi zao hazijazwi.

Mama wa binti yule hakumtoa mdogo wake, lakini kambini hajamruhusu. Amesema ataona Septemba ikifika.

Dada wa Lindi, Jumamosi ijayo nitakuwa stendi kuanzia saa mbili asubuhi, nimevaa skafu. Matroni na fundi watakungojea shuleni pamoja na vikosi viwili vya wasichana. Mti wa mlingoti tunao, ni mvinje kama ule wenu wa Mchinga. Kamba tuliyonayo ni ya nailoni inayoteleza, kwa hiyo ukipata ya katani njoo nayo, na bei yake uniandikie nikurudishie pamoja na nauli.